MKONO UNAPOLEGEA AU KUFA GANZI: SAA ZA KWANZA NDIZO ZINAZOAMUA

Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumzia malaria, kuhara, chanjo na usafi wa vyoo. Leo tunazungumzia mkono. Sisi tunaoishi kambini tunajua thamani yake. Mkono ndio unaoshika jembe, unaobeba dumu la maji, unaomfunga mtoto mgongoni, unaoshika chaki na kalamu. Hata siku ya mgao ni mkono unaopokea. Mtu aliyefika hapa bila shamba wala mali bado ana mikono yake miwili, na akipoteza mmoja familia nzima huona tofauti.

Katika kutembelea nyumba kwa nyumba nimekutana na watu ambao mikono yao imekauka au vidole vimejikunja kama kucha za ndege. Wengi walianza na jeraha dogo au mfupa uliovunjika, wakasubiri nyumbani kwa wiki nyingi. Mfupa uliunga vizuri, lakini mkono haukurudi, kwa sababu kilichoumia zaidi hakikuwa mfupa. Kilikuwa mshipa wa fahamu.

Mwisho wa somo hili utaweza kufanya mambo matatu:
1. Kueleza mishipa ya fahamu ya mkono inapita wapi na inafanya kazi gani.
2. Kumpima mtu mkono kwa dakika chache, bila kifaa chochote.
3. Kujua ni hali zipi zinazohitaji kwenda kituo cha afya saa hiyo hiyo.

1. TUNAPOSEMA "MSHIPA" TUNA MAANA GANI?

Neno hili lina kazi nyingi. Mtu akikatwa na panga anasema "mshipa umekatika". Akichoka shingo anasema "mshipa umekaza". Hata ngiri wengine huiita mshipa. Kwa hiyo tutenganishe vitu vitatu.

Mshipa wa damu ni bomba. Ukikatika, damu hutoka, na kila mtu anaona.

Kano ni kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Ikikatika, kidole hakikunjiki au hakinyooki, lakini ngozi yake bado inahisi.

Mshipa wa fahamu, ambao pia huitwa neva, ni kamba nyeupe iliyojaa nyuzi nyembamba sana, kama waya wa simu wenye nyaya nyingi ndani. Kazi yake ni kupeleka habari pande mbili. Ubongo ukiamuru "kunja kidole", amri hupita humo kwenda kwenye msuli. Ngozi ikigusa sufuria ya moto, taarifa hupita humo kurudi kwenye ubongo. Neva ikiumia, amri haifiki na taarifa hairudi. Mkono hulegea, hufa ganzi, au yote mawili.

Neva ikikatika haitoi damu nyingi wala haionekani kwa urahisi. Ndiyo maana watu hufunga kidonda, damu inakoma, wanafurahi, na neva inasahaulika.

2. NJIA YA NEVA KUTOKA SHINGONI HADI VIDOLENI

Watu wengi hushangaa kusikia kwamba mkono unaanzia shingoni. Ndani ya uti wa mgongo kuna kamba kubwa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo. Kila upande, neva nne za mwisho za shingo (ya 5, ya 6, ya 7 na ya 8) pamoja na neva ya 1 ya kifua hutoka kati ya pingili. Hizi tano tuziite mizizi.

Mizizi hiyo hupita kati ya misuli ya upande wa shingo, juu ya ubavu wa kwanza, chini ya mtulinga (mfupa ule unaoushika mbele ya bega), kisha huingia kwapani. Njiani huungana na kugawanyika tena, kama vijia vinavyokutana karibu na bomba la maji kisha kila kimoja kikaelekea mtaa wake. Mtandao huo ukifika kwapani hutoa neva kubwa tano.

1) Neva aksilari. Huzunguka mfupa wa mkono chini kidogo ya bega. Huusaidia mkono kuinuka pembeni, na hutoa hisia kwenye ngozi ya nje ya bega. Huumia bega linapoteguka.

2) Neva muskulokutania. Hupita mbele ya mkono wa juu. Ndiyo inayokunja kiwiko kwa msuli ule unaovimba kijana anapoonyesha nguvu zake. Hutoa hisia upande wa nje wa mkono, kati ya kiwiko na kifundo.

3) Neva radiali. Hujizungusha nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, imeugusa kabisa. Ndiyo inayonyanyua kiganja na kunyoosha vidole. Hutoa hisia nyuma ya mkono, kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Ikiumia, kiganja huning'inia kama jani lililonyauka.

4) Neva mediani. Hupita mbele ya kiwiko na katikati ya kifundo cha mkono. Huwezesha gumba kukutana na vidole vingine, yaani kushika sindano, punje ya maharage au kifungo cha shati. Hutoa hisia kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete.

5) Neva ulna. Hupita nyuma ya kiwiko upande wa ndani, chini ya ngozi tu. Umewahi kujigonga hapo ukahisi kama umeguswa na umeme hadi kidole cha mwisho? Hiyo ndiyo. Hutanua na kubana vidole. Hutoa hisia kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete.

3. JINSI YA KUPIMA MKONO BILA KIFAA

Pima kwanza mkono ulio mzima ili ujue hali ya kawaida ya mtu huyo. Kisha pima ulioumia. Mwambie mgonjwa afanye hivi:

Hatua ya 1. Anyanyue kiganja na kunyoosha vidole, kama askari anayesimamisha gari. Akishindwa, shuku neva radiali.

Hatua ya 2. Aunganishe ncha ya gumba na ncha ya kidole cha shahada, afanye duara. Duara likiwa bapa au vidole visikutane, shuku neva mediani.

Hatua ya 3. Atanue vidole vyote, kisha abane kipande cha karatasi kati ya vidole viwili huku wewe ukikivuta polepole. Karatasi ikitoka bila upinzani, shuku neva ulna.

Hatua ya 4. Akunje kiwiko, kisha ainue mkono pembeni. Hapa unapima neva muskulokutania na aksilari. USIFANYE hatua hii kama unadhani mfupa umevunjika au bega limeteguka.

Hatua ya 5. Afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kitambaa mahali patatu: nyuma ya mkono kati ya gumba na kidole cha shahada, ncha ya kidole cha shahada, na ncha ya kidole cha mwisho. Muulize, "Unahisi? Ni sawa na mkono ule mwingine?"

Hatua ya 6. Angalia damu. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Vidole viwe na joto.

Kwa mtoto mdogo asiyeelewa maelekezo, geuza mambo haya yawe mchezo. Mpe biskuti aichukue kwa vidole viwili, mwambie akupungie, akupe tano. Angalia anatumia mkono upi na anaukwepa upi.

Andika saa uliyopima na ulichokiona, hata kwenye kipande cha karatasi, ukimpe anayempeleka mgonjwa. Daktari akijua kwamba saa 4 vidole vilikuwa vinacheza na saa 8 vimekataa, ameshajua jambo kubwa: hali inazidi kuwa mbaya na hakuna muda wa kusubiri.

4. NEVA HUUMIA KWA VIWANGO VITATU

Mwaka 1943 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Herbert Seddon, alizigawa ajali za neva katika viwango vitatu. Mgawanyo huo bado unatumika.

Kiwango cha kwanza: neva imebanwa tu, nyuzi zake hazijakatika. Mkono hulegea lakini hurudi wenyewe baada ya siku au wiki, mara chache hadi miezi 3.

Kiwango cha pili: nyuzi za ndani zimekatika, lakini ganda la nje bado lipo. Nyuzi huota tena kwa kufuata ganda hilo, polepole sana, karibu milimita 1 kwa siku, yaani kama sentimita 3 kwa mwezi.

Kiwango cha tatu: neva imekatika kabisa. Nyuzi zinataka kuota lakini hazioni njia. Hapa anahitajika daktari wa upasuaji aunganishe ncha mbili.

Sasa tufanye hesabu. Neva ikiumia kwenye kiwiko, na kutoka hapo hadi misuli midogo ya kiganja ni kama sentimita 30, itachukua karibu miezi 10 kufika. Wakati huo wote msuli unasubiri bila amri, unakonda. Ukikaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu bila neva, huwa vigumu sana kuamka hata neva ikifika. Kwa hiyo kila mwezi tunaosubiri nyumbani tunaula muda wa msuli huo.

5. HATARI TUNAZOKUTANA NAZO KAMBINI

A. Kamba na banzi lililokazwa

Hii naiweka ya kwanza kwa sababu inaharibu mikono mingi ya watoto, na inazuilika kabisa. Mtoto anaanguka kutoka kwenye mwembe, kiwiko kinavimba. Anafungwa mabanzi kwa vipande vya mpira wa baiskeli, vikakazwa ili "mfupa usicheze". Usiku mtoto analia bila kunyamaza. Watu wazima wanafarijiana kwamba mfupa unaunga.

Ndugu mzazi, mfupa uliotulizwa vizuri huanza kupunguza maumivu. Maumivu yanayozidi baada ya kufungwa ni kilio cha misuli na neva zinazokosa damu. Uvimbe unasukuma kutoka ndani, banzi linabana kutoka nje, na damu haipiti. Baada ya saa 6 hivi misuli huanza kufa. Misuli iliyokufa hujikunja na kuwa migumu, na vidole hubaki vimekunjwa maisha yote. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann aliieleza hali hii mwaka 1881, na mpaka leo tunaiona.

DALILI ZA HATARI: maumivu yanayozidi, maumivu makali unaponyoosha vidole vyake taratibu, ganzi, vidole kuwa vya baridi, vyeupe au vya bluu, mkono kuvimba na kuwa mgumu kama ubao.

FANYA HIVI: legeza au fungua kila kitu kinachobana, mara moja, hata kama ni usiku. Vua bangili, shanga na pete. Mkono ukae usawa wa moyo, usiutundike juu wala kuuninginiza chini. Mpeleke kituoni usiku huo huo, usisubiri kukuche. Usimkande kwa maji ya moto wala usimchue.

Hata plasta iliyofungwa hospitali inaweza kubana mkono ukivimba. Ukiona dalili hizo, rudi hospitali saa hiyo hiyo.

Wazee wetu mnaounga mifupa, watu wanawaamini na wanakuja kwenu kwanza. Tunawaomba mambo manne. Banzi lisizunguke mkono mzima. Kidole chako kipite chini ya kitambaa ulichofunga. Ncha za vidole vya mgonjwa zibaki wazi ili zionekane. Na kiwiko cha mtoto kilichovimba kipelekwe kituoni kwanza, kwa sababu mfupa uliovunjika juu ya kiwiko unaweza kubana neva na mshipa mkubwa wa damu.

Kwa kuumwa na nyoka: usifunge kamba ya kukaza, usichanje, usinyonye sumu. Kamba haimzuii mtu kufa kwa sumu, lakini inaweza kumwacha bila mkono. Mtulize, asitembee, mkono usichezeshwe, vua pete na bangili, akimbizwe kituoni.

Kwa damu inayotoka sana: bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia, huku mkiwa njiani. Kukaza kamba juu ya kidonda ni hatua ya mwisho, pale tu ambapo damu haikomi na maisha yako hatarini. Tumia kitambaa kipana, si waya wala uzi, na andika saa uliyofunga.

B. Kulalia mkono, na magongo

Baba mmoja wa mtaa wetu alikunywa jioni, akalala kwenye kiti mkono wake umening'inia nyuma ya egemeo. Asubuhi kiganja hakikunyanyuka. Majirani wakasema amerogwa, na fedha za dawa za kienyeji zikaanza kuchangwa. Kilichotokea ni rahisi kueleza. Neva radiali ilibanwa kati ya mfupa na ubao wa kiti kwa saa nyingi. Mtu wa kawaida akibanwa usingizini hujigeuza, aliyelewa hajigeuzi. Kituoni alipewa banzi la kuinua kifundo na mazoezi, na kiganja kikarudi baada ya wiki kadhaa. Hakuna aliyemroga.

Kwa wanaotembea kwa magongo, neva hiyo hiyo hubanwa kwapani ukiyaegemea. Pima hivi: ukisimama wima, kati ya kwapa na kichwa cha gongo pabaki nafasi ya vidole 2 au 3. Uzito ubebwe na viganja kwenye vishikio, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo. Ukianza kuhisi ganzi mkononi, magongo yako ni marefu au unayatumia vibaya. Yalete yarekebishwe.

C. Panga, chupa na mabati

Kidonda cha kifundo cha mkono kinaweza kuwa kifupi kama ukucha na bado kikakata neva mediani au ulna pamoja na kano. Kabla hakijafungwa, fanya hatua ya 1, 2, 3 na 5. Kama kuna ganzi au kidole kisichotii, mwambie muuguzi kabla ya kushonwa. Neva iliyokatwa na kitu chenye makali huungwa vizuri zaidi ndani ya siku chache. Safisha kidonda kwa maji safi mengi na sabuni, funika kwa kitambaa safi. Usiweke majivu, udongo, mafuta ya breki wala kinyesi cha ng'ombe. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

D. Boda boda

Mtu akirushwa kutoka kwenye pikipiki na kuangukia bega, kichwa huenda huku na bega kule. Mizizi ile mitano huvutwa, na inaweza hata kung'oka kwenye uti wa mgongo. Mkono mzima hulegea kama kamba. Usimnyanyue majeruhi kwa kumvuta mkono. Tuliza shingo yake, uegemeze mkono kifuani kwa kanga au shuka, apelekwe hospitali. Kama mkono umelegea na mgonjwa akaruhusiwa kurudi nyumbani, asiache kurudi kliniki. Upasuaji wa neva hizi hufanikiwa zaidi kabla ya miezi 6 kupita. Madereva, kofia ngumu ni lazima, na abiria mmoja anatosha.

E. Mtoto mchanga

Wakati wa kujifungua, bega la mtoto, hasa mtoto mkubwa, linaweza kukwama, na shingo ikavutwa. Mtoto huzaliwa na mkono mmoja usiocheza: umelala ubavuni, umenyooka, umegeukia ndani, kiganja kikitazama nyuma. Hali hii ilielezwa na daktari Mjerumani Wilhelm Erb mwaka 1874. Mama, si kosa lako, wala si laana, wala hukumlalia mtoto vibaya tumboni. Watoto wengi hupona.

Mlete achunguzwe siku hiyo hiyo, maana wakati mwingine ni mtulinga uliovunjika. Usimnyanyue kwa mikono wala kwapani. Mvalishe nguo ukianza na mkono unaoumwa, mvue ukimalizia nao. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakuonyesha jinsi ya kuuchezesha taratibu kila siku. Akifika miezi 3 na bado hawezi kukunja kiwiko, lazima aonwe na daktari bingwa. Tarehe hiyo iandike kwenye kadi yake ya kliniki.

Kwa mama wajawazito: jifungulie kituoni, mbele ya mkunga aliyefunzwa jinsi ya kulitoa bega lililokwama.

F. Ukoma

Si kila neva huumizwa na ajali. Vijidudu vya ukoma huishi ndani ya neva, na mara nyingi huanza na ulna kwenye kiwiko. Neva huvimba kama kamba nene, kidole cha mwisho hufa ganzi, kisha vidole hujikunja. Ukiona baka kwenye ngozi lililopauka au lenye wekundu, lisilohisi mguso, njoo kituoni. Ukoma unatibika kwa mchanganyiko wa dawa unaotolewa bure, kwa miezi 6 au 12. Neva iliyodhoofika chini ya miezi 6 bado inaweza kurudi ikitibiwa. Ukijificha kwa aibu, dawa itaua vijidudu baadaye lakini vidole vitabaki vimejikunja.

6. SI KILA MKONO ULIOLEGEA NI NEVA YA MKONO

Mtu mzima aliyelegea mkono ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, au maneno kukwama, huenda amepata kiharusi. Ni dharura.

Mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea mkono au mguu ghafla bila kuanguka wala kuumia, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa mhudumu wa afya wa mtaa wako. Lazima achunguzwe kama ana polio, na choo chake kichukuliwe kupimwa.

7. KUMTUNZA MGONJWA NYUMBANI

Mkono unaosubiri neva unahitaji kulindwa kila siku.
- Nyoosha na kunja kila kiungo taratibu, asubuhi na jioni, kama ulivyoonyeshwa. Unaweza kutumia mkono mzima kuuchezesha ule mwingine. Viungo vikikauka, neva ikifika haitakuta kazi ya kufanya.
- Vaa banzi ulilopewa kituoni ili kiganja au vidole visijikunje.
- Mkono wenye ganzi hauhisi moto. Usishike sufuria bila kitambaa, pima joto la maji kwa mkono mzima, usikae karibu sana na jiko.
- Ukague kila jioni kwa macho: malengelenge, mikwaruzo, miiba.
- Usikubali sindano ya mkono kutoka kwa mtu asiye na mafunzo. Ikichomwa mahali pasipofaa inaweza kuumiza neva.
- Hisia kama sindano ndogo ndogo zinazosogea kuelekea vidoleni mara nyingi ni dalili njema, maana neva inaota.

8. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kijana amevunjika mfupa wa mkono wa juu, na kiganja kinaning'inia. Neva gani?
2. Msichana amekatwa na bati kwenye kifundo cha mkono. Hawezi kubana karatasi kati ya vidole, na kidole cha mwisho hakihisi. Neva gani?
3. Mtoto amefungwa banzi saa 10 jioni. Saa 3 usiku analia, na ukinyoosha vidole vyake analia zaidi. Utafanya nini, na lini?

Majibu: 1. Radiali. 2. Ulna, mwambie muuguzi kabla ya kushona. 3. Legeza kila kinachobana sasa hivi, vua bangili, mpeleke kituoni usiku huo. Ukijibu "nitasubiri asubuhi", soma tena sehemu ya 5A.

Ndugu msomaji, mfupa ukivunjika una wiki nyingi za kuunga, lakini mkono uliobanwa hauna. Ukiweza, wafundishe majirani wako wawili zile hatua sita za kupima mkono. Kijarida hiki wasomee pia wasiojua kusoma, na uwape zamu ya kufanya duara kwa vidole mkiwa mmekaa hapo hapo.